Somo: Kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha dansi cha mwaka 1651

Wengi wanaofungua kwa mara ya kwanza kitabu cha John Playford, The English Dancing Master, huvunjika moyo papo hapo, kwa kuwa wanakuta mstari mmoja wa noti, aya fupi iliyojaa herufi za mkato, na hakuna mchoro wowote wa kuonyesha hatua. Kitabu hicho chenye dansi 105 kiliuzwa London, katika duka la Playford lililokuwa Inner Temple karibu na mlango wa kanisa, wakati Uingereza haikuwa na mfalme, na katika utangulizi wake alikiri mwenyewe kwamba kazi ya namna hiyo haikupatana na zama zile. Tutachukua dansi moja tu, Gathering Peascods, na kuifumbua hadi mwisho.

Hatua ya kwanza. Anza juu ya ukurasa, usikimbilie noti. Hapo utaona jina, umbo la dansi, na safu ya alama: mwezi mwandamo ni mwanamume, na kiduara chenye nukta katikati ni mwanamke. Dansi yetu ni ya duara, na idadi ya jozi haina kikomo.

Hatua ya pili. Jifunze herufi za mkato. D. ni hatua nne mbele au nyuma, kisha miguu inakutanishwa, S. ni hatua mbili, na miguu inakutanishwa vilevile. Hata hivyo, S. ikija baada ya neno la kugeuka, maana yake ni kwamba kila mtu anajizungusha peke yake pale aliposimama. Wo. ni mwanamke mmoja, ilhali We. ni wanawake wengi. Mimi nilizisoma hizi mbili kama kitu kimoja kwa muda mrefu, na dansi zangu zote zilikuwa zikivunjika katikati bila kujua sababu.

Hatua ya tatu. Imba mahadhi kabla ya kusoma maelekezo, hata kwa kuguna tu. Mahadhi ya Gathering Peascods yana vipande vitatu, na kila kimoja hurudiwa, kwa hiyo maelekezo nayo yanagawanyika mara tatu.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kuoanisha vipande hivyo na maneno. Katika kipande cha kwanza wote wanazunguka duara kwa D. mbili, wanajizungusha, kisha wanarudia. Katika cha pili wanaume wanashikana mikono, wanazunguka ndani ya duara na kurudi mahali pao, halafu wanawake wanafanya vivyo hivyo. Cha tatu ndicho kitamu: wanaume wanaingia katikati na kupiga makofi, wanapokuwa wakirudi nyuma, wanawake nao wanaingia na kupiga makofi, wanaume wanaingia tena, kisha wanajizungusha wakirejea mahali pao. Kipande kinaporudiwa, wanawake ndio wanaotangulia. Angalia jinsi kundi moja linavyotoka wakati jingine linaingia. Ukiwafanya wasubiriane, mahadhi yatakwisha kabla yao.

Hatua ya tano. Hayo yote ni mzunguko wa kwanza wa dansi. Mzunguko wa pili na wa tatu umeandikwa kwa ufupi mno, kwamba yafanyike kama mwanzo. Usidanganyike: mwanzo wake umebadilika, na katika mzunguko wa pili wanawake ndio wanaoanza, ilhali katika wa tatu wanaume wanarudia nafasi yao ya kutangulia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mzunguko wa pili unaanza kwa neno «Sides», lakini sioni popote linapoelezwa. Wanafanya nini?

Jibu: Huoni kwa sababu Playford hakulieleza. Cecil Sharp, aliyezifufua dansi hizi mwanzoni mwa karne ya 20, aliwafanya wenzi wapishane kwa mkunjo na kubadilishana nafasi, kisha warudi. Baadaye Pat Shaw, mtafiti na mwalimu wa dansi hizi, alipendekeza wasogeleane bega kwa bega na kurudi nyuma, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Mimi naona pendekezo la Shaw linakaa vizuri zaidi na maneno ya kitabu, ila wachezaji wote wakubaliane kabla ya kuanza.

Swali: Je, noti za besi ziko ukurasa gani?

Jibu: Hazipo. Ni mahadhi matupu, na sauti nyingine utaongeza mwenyewe.

Swali: Nakala yangu haina neno «English» katika jina. Ni bandia?

Jibu: La hasha. Neno hilo liliondolewa kuanzia toleo la pili la mwaka 1652, na kitabu kiliendelea kutolewa hadi toleo la 18, mnamo 1728 hivi. Katika matoleo ya mwisho dansi za safu mbili ndefu zimetawala, na za duara zimekuwa chache, kwa hiyo tazama kwanza mwaka ulio kwenye jalada la ndani kabla ya kuitafuta Gathering Peascods.