Kufungua makazi ya waomba hifadhi: anza na wenyeji

Mwongozo huu ni wa ofisa wa jamii, wa serikali au wa shirika, aliyeambiwa kwamba makazi mapya ya waomba hifadhi yatafunguliwa mahali fulani na yeye ndiye wa kuzungumza na wenyeji. Mifano naitoa Turkana Magharibi, Kenya, palipo na kambi ya Kakuma tangu 1992 na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016. Nenda kwa wenyeji wakati bado kuna jambo wanaloweza kulibadilisha. Vigingi vikishapigwa, unachofanya ni kutangaza tu, na watu watakuambia hivyo usoni.

Hatua ya 1: Jua ardhi ni ya nani na inatumikaje

Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii. Chini ya Katiba ya 2010, ile isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Ikishasajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wa jamii wakubali kabla haijatolewa. Kwa hiyo uliza hilo kwanza, maana ndilo litakaloamua unazungumza na nani. Kwa Kalobeyei, mazungumzo ya 2015 kati ya serikali, UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) na wenyeji yalihusu takriban hekta 1,500.

Kisha tembea eneo lenyewe pamoja na wafugaji. Ramani ya ofisini haionyeshi njia ya mifugo kwenda majini, malisho ya kiangazi wala makaburi. Na uliza majira: ukiita kikao wakati vijana wamehama na mifugo, utapata idhini ya nusu ya jamii tu, na nusu nyingine itarudi ikikuuliza.

Hatua ya 2: Fuata mlango

Anza kwa chifu na wazee, ndipo uende kwa mwakilishi wa wadi na wanasiasa wengine. Wazee wa Kiturkana huketi chini ya mti wao. Kaa nao hapo, usiwaite hotelini. Tafuta mkalimani anayekubalika pande zote, kwa sababu Kiswahili chako hakiwafikii wote.

Wanawake wapewe kikao chao. Wao ndio wanaoteka maji, wanaookota kuni na kuchoma makaa, na mbele ya wazee wengi wao watanyamaza.

Hatua ya 3: Tenganisha lililoamuliwa na lililo wazi

Sema waziwazi: kuwapokea waomba hifadhi ni wajibu wa nchi, na kura ya kijiji haiwezi kuufuta. Kisha taja yaliyo mezani kwa kweli: lango liwe upande gani, visima vichimbwe wapi, barabara ipite wapi, zahanati na shule zijengwe mahali ambapo mtoto wa mwenyeji atafika kwa miguu. Kama hakuna hata moja lililo mezani, rudi kwa wakubwa wako udai liwepo kabla hujaitisha baraza.

Hatua ya 4: Maji na kuni

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa. Kipimo cha Sphere, viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, ni angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na watu wasiozidi 250 kwa bomba. Watu 10,000 ni lita 150,000 kila siku na mabomba 40, katika nchi ambayo laga, yaani mito ya msimu, hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Fanya hesabu hiyo mbele ya watu, ukiongeza wenyeji na mifugo yao. Mhandisi wa maji aje mwenyewe ajibu. Ofisa wa jamii asibuni majibu ya kisima.

Kuni ni nyeti zaidi. Mgeni asiye na nishati ya kupikia atakwenda msituni, na huko atakutana na mwanamke anayeishi kwa kuuza kuni hizohizo. Kakuma, mashirika yalinunua kuni kwa wenyeji na kuwagawia wakimbizi. Mpango huo uliwapa wenyeji kipato, na ulilenga kupunguza mapigano. Kubalianeni mapema nani atauza, kwa kipimo gani, na miti ipi isiguswe. Mathenge, mti wa kigeni unaovamia malisho, ikatwe hata kesho.

Hatua ya 5: Daftari la ahadi

Kila ahadi iandikwe: nani ameitoa, lini itatimia, nani wa kuulizwa. Nakala moja ibaki kwa wazee, nyingine kwa chifu. Kila baraza lianze kwa kusomwa daftari hilo, pamoja na ahadi zilizokwama. Hii ndiyo hatua ninayoiona ikirukwa mara nyingi, na hakuna inayoharibu imani haraka kuliko kuiruka.

Hatua ya 6: Riziki

Vibarua vya ujenzi vitangazwe vijijini. Mpango wa Bamba Chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, uliwapa wakimbizi pesa za chakula kwa simu na kusajili wafanyabiashara wakimbizi na wenyeji pia. Duka la mwenyeji likapata wateja.

Hatua ya 7: Kabla ya basi la kwanza

Teua watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojulikana kwa sura na namba ya simu, wa kupokea malalamiko na uvumi. Malalamiko yajibiwe ndani ya siku mlizokubaliana, hata kama jibu ni "bado". Waeleze wenyeji idadi inayotarajiwa na siku ya kufika, lakini usitaje kisa cha mgeni yeyote wala kuruhusu wageni wapigwe picha: baadhi yao wanatafutwa na waliowakimbia. Katika mwezi wa kwanza baraza liwe kila wiki, na wawakilishi wa wageni waketi humo tangu wiki ya pili, wakiwa na mkalimani wao.