Sarafu ya zamani imekufikia mkononi: ipime hali yake kabla hujaisugua

Huku Kigoma sarafu za kigeni huhangaiki kuzitafuta, zinakuja zenyewe. Zinashuka Kibirizi na maboti ya Kongo na Burundi, zinatoka kwenye makopo ya bibi zetu Ujiji, nyingine zinaibuka shambani mvua za kwanza zikishapiga. Mbelgiji alikaa hapa tangu 1916 mpaka 1921, na hata baada ya Mwingereza kuchukua mji, mizigo ya Kongo iliendelea kupita bandarini. Kwa hiyo usishangae kukuta franka ndani ya kopo la vifungo.

Anayeniletea sarafu huuliza kwanza mwaka. Mimi naangalia hali. Sarafu mbili za mwaka mmoja, za kiwanda kimoja, moja inaweza kuwa na thamani ya chai na chapati na nyingine ikalipa kodi ya chumba.

Hatua ya 1: Iache ilivyo

Nikiwa kidato cha pili shangazi alinipa rupia ya Mjerumani ya 1891, nyeusi ti. Nikaipeleka uani, nikaisugua kwa majivu na limau mpaka ikawaka kama kijiko kipya. Miaka mingi baadaye nikamwonyesha mnunuzi. Akaiinamisha mara moja chini ya taa, akanirudishia bila kutaja bei. Nilipoitazama kwa lenzi nikaona alichokiona: mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja, kuanzia shavu la Kaisari mpaka kwenye kofia yake. Ule weusi ulikuwa ngozi ya fedha yenyewe, nami nilikuwa nimeichuna.

Kama imeganda udongo, iloweke usiku kucha kwenye maji ya betri, yale ya kuongezea, siyo yale makali! Asubuhi igandamize kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Kilichobaki, kibaki.

Hatua ya 2: Vifaa

Lenzi ya kukuza mara 5 mpaka 10, mizani ndogo kama ya sonara, rula yenye milimita, sumaku ya spika mbovu, na taa moja. Nasema moja kwa sababu taa mbili zinafuta vivuli, na sisi tunasoma vivuli. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitanga au taulo, maana ikidondoka kwenye sakafu ya saruji kazi imeisha.

Hatua ya 3: Ijue na uipime uzito

Rupia ya fedha ya Mjerumani, sawa na ile ya India, ni gramu 11.66. Iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini ikisoma 9 jiulize. Fedha na shaba hazishiki sumaku. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba na milima nyuma yake, kuanzia 1921 hadi 1946 ina fedha robo tu. Kuanzia 1948 haina kabisa, kwa hiyo masonara hawaitaki na hiyo ndiyo salama yake. Ukiona mstari wa kiungo umezunguka ukingo, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, ni bandia. Na reale ya Maria Theresa isikupumbaze kwa mwaka wake: zimeendelea kutengenezwa kizazi hadi kizazi, zote zimeandikwa 1780.

Hatua ya 4: Tafuta vilima

Hapa ndipo penye kazi. Sarafu ni kama nchi, ina vilima na mabonde. Mikono ya watu na sarafu nyingine mfukoni hula vilima kwanza. Weka taa pembeni, iwe chini kiasi, kisha izungushe sarafu polepole.

Chukua shilingi ya mfalme George wa Tano. Tazama utepe wa taji lake: vito vyake vinahesabika kimoja kimoja au vimeungana kuwa ubapa? Shuka kwenye nyusi na masharubu. Kisha geuza umtazame simba: manyoya yana mistari, au amebaki kivuli cha mnyama ambaye angeweza kuwa hata mbwa? Franka 2 ya Kongo ya 1943, ile ya pembe sita iliyotengenezwa Philadelphia, tazama sikio la tembo na bega lake.

Halafu tazama rangi. Kilima kilicholika hupauka, hakifanani na bonde lililokizunguka, hata kama umbo bado limekaa. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'aro unaozunguka: ukiiinamisha, mwanga unakimbia kama spoku za baiskeli. Spoku zikikatika juu ya vilima, imeshapita mikononi. Sarafu iliyosuguliwa nayo inang'aa, ila mng'aro wake umesimama, haukimbii. Ukishaona tofauti hiyo mara tatu hutadanganywa tena.

Hatua ya 5: Ipe daraja

Mmarekani William Sheldon alitoa kipimo cha 1 hadi 70 mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za kwao, na leo wakusanyaji wengi wanakitumia. Mimi nakifupisha hivi. G, kama 4: umbo la nje tu. VG, 8: baadhi ya mambo ya ndani yanaonekana. F, 12: sehemu kubwa inasomeka, vilima vimelala. VF, 20 hadi 35: vilima vimeguswa lakini mistari ipo. XF, 40 na 45: vimeguswa nchani tu. AU, 50 hadi 58: lazima uitafute sehemu iliyolika. MS, 60 kwenda juu: haijatumika, na hapo tunabishania mikwaruzo ya kugongana na nyingine ndani ya magunia ya kiwandani.

Wauzaji wa Ubelgiji na Ufaransa huandika TB, TTB, SUP, kutoka chini kwenda juu. TB hapa si kifua kikuu, ni "nzuri sana", na nzuri sana yao si lolote la kutisha. TTB ndiyo inayokaribiana na VF. Wajerumani nao huiita hiyo SS.

Hatua ya 6: Hela za Tabora zina sheria yake

Vita vya kwanza, meli za Waingereza zilifunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakazigonga wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli: za heller 5 na za heller 20, sehemu ndogo za rupia, zenye herufi ndogo T. (Ndiyo, neno letu hela limetoka humo.) Mitambo haikuwa ya kazi hiyo, shaba ilikuwa ya kuokoteza, kwa hiyo nyingi zilizaliwa zimefifia. Mgeni anaiona taji imepotea nusu, anasema G, anakulipa ya G.

Pasome hivi. Palipolika ni laini, pamesuguka, panateleza kwenye mwanga. Ambapo chapa haikufika pana ukwarukwaru wa bamba lenyewe kabla halijagongwa. Kisha geuza: sehemu ileile upande wa pili nayo ikiwa hafifu, kosa ni la nyundo, si la mikono. Chunguza pia herufi L mbili za neno HELLER, ncha zake zimejikunja au zimechongoka, na taji kama ni kubwa au ndogo. Chapa zilikuwa zaidi ya moja, na wakusanyaji wanazitenganisha.

Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima, ni gramu 7.16 hivi. Ukiuziwa sokoni Mwanga kwa bei ya mbuzi, umeuziwa shaba.

Hatua ya 7: Madhara yaandike mbali

Kulika ni jambo moja, kuumizwa ni jingine. Rupia nyingi za huku zimetobolewa ziwe mkufu, au zina risasi ya kulehemu pale kipini kilipokaa. Usishushe daraja ili kuficha tundu. Andika "VF, imetobolewa". Tundu la katikati la senti za Afrika Mashariki ni la kiwandani, hilo usilihesabu. Sarafu yenye kutu ya kijani inayotoka unga huendelea kulika, itenge.

Hatua ya 8: Hifadhi

Bahasha ndogo za karatasi, moja kwa sarafu moja. Plastiki laini inayonata huacha utando wa kijani. Unyevu wa ziwa upunguze kwa vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Juu ya bahasha naandika hivi: "Hela 20, 1916 T, shaba ya njano, F, chapa hafifu juu ya taji, Ujiji, 15,000." Kisha nakunja karatasi kulifunika lile daraja. Baada ya mwezi naipima upya bila kufunua, kisha nalinganisha. Yakitofautiana, nauzia lile la chini.