Namna ya Kurekodi Kumbukumbu za Madereva Wastaafu wa Malori wa Lindi na Mtwara

Wazee walioendesha malori kati ya Mtwara, Lindi na Dar es Salaam kabla ya barabara kuwekwa lami wanazidi kupungua, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote waliyoyapitia njiani. Mwongozo huu ni wa kijana mwenye simu, daftari, na mzee wa namna hiyo nyumbani kwao au mtaa wa pili. Nimeuandika kutokana na mazungumzo yangu na wazee kadhaa wa Lindi na Mingoyo.

Mzee wa kwanza nilimharibia mwenyewe mazungumzo. Nilimuuliza alianza kuendesha lori la Bedford mwaka gani, akanijibu, "Zamani hizo, mjukuu wangu," kisha akanyamaza, na kila swali la mwaka nililoongeza lilimfanya aonekane kama mtu anayefanyiwa mtihani. Juma lililofuata nilirudi baada ya sala ya alasiri, nikamwamkia, nikakaa, nikauliza swali moja tu: "Babu, ukitoka Mtwara na mzigo wa korosho, siku ya kwanza ulikuwa unalala wapi?" Alizungumza hadi magharibi. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja: dereva muulize safari, miaka utaitafuta baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda, andika majina ya vituo kwa mpangilio wa njia yenyewe: Mtwara, Mikindani, Mingoyo, Mchinga, Mto Mbwemkuru, Kiranjeranje, Nangurukuru, Somanga, Ndundu, Kibiti. Ikiwa mzee wako alikuwa wa njia ya bara, andika Masasi, Mangaka, Tunduru hadi Songea, au kipande cha kupanda uwanda wa Makonde kwenda Newala. Katika kila kituo uliza mambo madogo: maji ya rejeta yalipatikana wapi, nani alipika chakula, gari likikwama watu wa kijiji gani walikuja kusukuma, na walilipwa nini. Swali dogo la namna hiyo huzaa maelezo marefu kuliko swali la jumla kuhusu "maisha ya barabarani".

Ndundu ipewe muda wake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, malori yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na foleni ya pantoni ilikuwa na maisha yake: mama lishe, wachuuzi wa samaki, madereva waliofahamiana kwa majina ya magari yao. Uliza walisubiri siku ngapi wakati wa masika, nani alilinda turubai usiku, na mzigo uliolowa ulihesabiwa kuwa hasara ya nani. Tena usidhani kuwa daraja lilimaliza tope, kwa sababu kipande cha Ndundu hadi Somanga, kiasi cha kilomita 60, kiliendelea kutesa magari kwa zaidi ya miaka kumi baada ya daraja hilo. Mzee aliyestaafu mwaka 2010 naye ana mengi ya kusema juu ya mchanga na tope la pale.

Ukisharekodi safari, ndipo utafute miaka, na uitafute kwa matukio ambayo kila mtu wa kusini anayakumbuka. Uliza kama tukio analosimulia lilikuwa kabla au baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976. Kama ni kabla au baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo serikali ilichukua malori mengi kwa ajili ya jeshi. Kama ni kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Zao la korosho nalo ni kalenda nzuri. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takribani tani 145,000, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Mzee anayesimulia magunia yaliyojaa maghala hadi yakarundikwa nje, na mzee anayesimulia kurudi na bodi tupu, huenda wanasema kweli wote wawili, ila kila mmoja na muongo wake.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mikono. Mzee mmoja wa Mingoyo alikuwa ananieleza kuteremka mlima na shehena nzito katika lori la Fiat, akawa hapati maneno. Nilimpa kigoda, nikamwomba anionyeshe. Mguu wa kushoto ulikanyaga chini mara moja, mkono wa kushoto ukatoa gia na kuiacha huru, mguu ukapanda, mguu wa kulia ukagusa mafuta kidogo ili injini ipande, kisha mguu wa kushoto ukakanyaga tena, na ndipo mkono ukaingiza gia ndogo, taratibu, huku sikio likiwa limeinama upande kama linasikiliza mashine iliyoondoka miaka mingi iliyopita. Hiyo ndiyo klachi ya kukanyaga mara mbili, ambayo gia za malori ya zamani zililazimu, na ukiikosea gia hugoma na lori huteremka bila kizuizi cha injini. Kwa hiyo usirekodi sauti peke yake. Rekodi picha za video za mikono na miguu pia. Ukiweza kumpata mzee karibu na lori bovu lililoachwa gereji, mpeleke alishike usukani.

Mtafute pia utingo. Dereva husimulia kilichoonekana mbele ya kioo, utingo husimulia kilichotokea nyuma na chini ya gari: kuruka na kigingi cha mti kukiweka nyuma ya tairi gari linaposhindwa mlima, kukata matawi na kuyapanga barabarani ili wenzao wajue kuna gari limeharibika mbele, kulala juu ya magunia. Kwa maoni yangu rekodi ya dereva bila utingo wake ni nusu ya rekodi.

Kuhusu ajali, subiri aanze mwenyewe. Akianza, usimkatize wala usiulize lilikuwa kosa la nani. Majina ya waliofariki yaache nje ya maandishi hadi familia zao zikubali. Vivyo hivyo kwa magendo na mizigo ya njia za panya: muulize kama anataka habari hiyo ibaki kwenye rekodi, na akisema ifute, ifute mbele yake.

Upande wa vifaa sina mengi. Zima redio, kaa upande ambao upepo wa bahari hauvumi moja kwa moja kwenye simu, na simu uiweke juu ya kitambaa, siyo juu ya meza yenye vikombe vya kahawa. Jioni ile ile nakili rekodi mahali pengine pawili. Mimi niliahirisha kwa siku moja, simu ikatumbukia majini, na mazungumzo ya saa mbili na mzee ambaye sasa ni marehemu yakapotea nayo. Sijapata namna ya kulifidia hilo.

Picha za zamani zipige hapo hapo nyumbani kwake bila kuziondoa, mbele na nyuma, kwa kuwa nyuma mara nyingi kuna maandishi.

Ukimaliza kuandika, rudi umsomee yote kwa sauti, polepole, kituo baada ya kituo. Atakukatiza. Atakuambia pale Kiranjeranje hawakulala, walipita tu, na kwamba mama aliyewapikia alikuwa Nangurukuru. Sahihisha mbele yake, kisha umwachie nakala iliyochapishwa kwa herufi kubwa.