Kujitoa mkojo kwa katheta nyumbani baada ya jeraha la uti wa mgongo

Mgonjwa wa uti wa mgongo akiruhusiwa kwenda nyumbani, familia huuliza kwanza habari za miguu. Figo zake lakini zinategemea jambo jingine: kibofu kitamwagwa vipi, na kila baada ya saa ngapi. Mwongozo huu ni wa anayetumia katheta (mrija mwembamba wa kutolea mkojo) ya kuingiza na kutoa, na ambaye muuguzi ameshamfundisha ana kwa ana. Mwenye katheta ya kudumu, ile ya puto na mfuko, asiichomoe kabla ya kuzungumza na kliniki yake.

Ratiba kwanza

Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba katheta safi, hata kama haijaondolewa vijidudu vyote, inatosha kwa anayejitoa mkojo mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kikijaa kupita kiasi kuta zake hutanuka, damu haizifikii vizuri, na bakteria hupata mwanya. Shinikizo likipanda sana, mkojo huweza kurudi juu hadi kwenye figo. Ndiyo maana kuruka zamu kwa sababu maji ya bomba yamekatika ni kosa kubwa kuliko kunawa kwa maji ya mtungi na sabuni ya kawaida.

Toa mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6, na kila mara usizidi mililita 500. Pima kwa chupa ya soda ya nusu lita iliyokatwa shingo, uandike saa na kiasi kwa wiki mbili za mwanzo. Ukipata 600 au 700, usipunguze maji ovyo. Sogeza zamu karibu zaidi. Lita 1.5 hadi 2 za vinywaji kwa siku zinawafaa wengi, zikigawanywa mchana kutwa na kupunguzwa baada ya saa moja usiku.

Wanaokaa kwenye kiti cha magurudumu siku nzima hushangaa kibofu kujaa usiku ilhali hawajanywa kitu. Maji yaliyoshuka miguuni mchana hurudi kwenye damu wakilala, na figo huyatoa. Lala kwa muda wa saa moja hivi alasiri huku miguu imeinuliwa, kisha toa mkojo kabla ya kulala usiku. Asubuhi ikizidi 500 bado, ongeza zamu ya usiku.

Safari nayo ina hesabu yake. Ukitoka Rongai kwenda kliniki mjini Nairobi, foleni inaweza kumeza zamu nzima. Toa mkojo kabla ya kuondoka, beba katheta mbili, na usijinyime maji.

Vifaa

Ulizia katheta ya Nelaton (ile iliyonyooka, isiyo na puto) kwenye kemisti zilizo karibu na hospitali kubwa. Watu wazima wengi hutumia namba 12 (mwisho wake mweupe) au 14 (kijani). Ya wanaume ina urefu wa sentimita 40 hivi, ya wanawake ni fupi. Nunua pia jeli inayoyeyuka kwenye maji. Mafuta ya petroli ya kujipaka hayafai, kwani hayaoshwi na maji.

Kuingiza

Nawa mikono kwa sabuni, osha sehemu za siri, paka jeli.

Mwanaume: vuta govi nyuma kama lipo, inua uume uelekee tumboni ili njia ya mkojo inyooke, kisha sukuma polepole. Kwa kawaida utahisi kizuizi karibu na kibofu. Huo ni msuli umebana. Simama hapo, vuta pumzi, subiri ulegee. Ukilazimisha utachubua njia, damu itoke, na kovu likijifunga kesho katheta haitapita kabisa. Mkojo ukianza kutoka, kwa kawaida baada ya sentimita 18 hadi 20, ingiza sentimita 2 au 3 zaidi. Ukimaliza, rudisha govi mahali pake.

Mwanamke: futa kutoka mbele kwenda nyuma, tumia kioo. Mkojo huanza baada ya sentimita 4 au 5 hivi. Katheta ikiingia ukeni, iache hapo iwe alama, uchukue nyingine safi uiingize juu yake.

Wakati wa kutoa, vuta kidogo kidogo, ukitulia kila mkojo unapotiririka tena. Mkojo uliobaki chini ndio huchacha.

Katheta nyingi zimetengenezwa kwa matumizi ya mara moja. Ukilazimika kurudia, ioshe papo hapo ndani na nje kwa sabuni, isuuze, itundike ikauke kabisa. Ikikakamaa au kupasuka, itupe. Usimwazime mtu.

Yanayoharibika

Mkojo wenye harufu au ukungu tu, bila dalili nyingine, usikupeleke kununua antibiotiki: bakteria hukaa kwenye kibofu hiki bila kuleta ugonjwa, na dawa za ovyo huwafanya sugu. Homa, mikazo ya misuli kuzidi, au kuvuja kati ya zamu ndiyo ya kupeleka hospitali, mkojo ukapimwe.

Aliyeumia T6 (pingili ya sita ya uti wa mgongo sehemu ya kifua) au juu zaidi ana hatari nyingine. Kichwa kikianza kugonga ghafla, uso ukawa mwekundu au jasho likatoka sehemu za mwili zilizo juu ya jeraha, huenda ni disrefleksia: presha inapanda kwa sababu ya kero iliyo chini ya jeraha, mara nyingi kibofu kilichojaa. Mketishe wima, miguu ining'inie, legeza nguo na mkanda, kisha toa mkojo mara moja. Kama si kibofu, angalia choo kigumu, kidonda, kucha iliyoingia nyamani. Pima presha kila dakika 2 hadi 5. Isiposhuka, kimbilia kitengo cha dharura.

Huko 140 kwa 90 inaweza kuonekana ya kawaida, ilhali presha ya kila siku ya mgonjwa huyu ni 100 kwa 60. Andika presha hiyo ya kila siku na kiwango cha jeraha kwenye kadi, uiweke pamoja na kitambulisho.