Jinsi ya kuandika katiba ya kidemokrasia yenye meno

Katiba mpya inapotajwa, mjadala hukimbilia yaliyomo: rais awe na madaraka gani, mikoa ipewe nini, haki zipi ziongezwe. Hayo ni maswali ya msingi, lakini yapo yanayotangulia. Nani ataandika rasimu? Itapitishwa kwa kura ngapi? Wakishindwa kuelewana, nini kitafuata? Majibu yake hutolewa kabla ibara ya kwanza haijaandikwa, na mara nyingi ndiyo yanayoamua kama hati hiyo itaishi au itafia njiani. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, na unakaa zaidi pale ambapo mambo huharibika.

Sheria ya mchakato kwanza

Tungeni kwanza sheria ya kuongoza uandishi wenyewe. Itaje chombo cha kuandika rasimu na chombo cha kuipitisha, akidi ya vikao, wingi wa kura unaotakiwa, muda wa kila hatua, na njia ya kujikwamua wajumbe wakigoma kukubaliana. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, kwa sababu mwanzoni kila mtu ana matumaini.

Afrika Kusini hawakulisahau. Katiba yao ya mpito ya 1993 ililipa Bunge la Katiba, lenye wajumbe 490, miaka 2 ya kumaliza kazi, na ikataka theluthi mbili ya kura. Theluthi mbili isipopatikana, rasimu ingekwenda kwa jopo la wataalamu huru. Ikikwama tena, ingepelekwa kwa wananchi, na huko ingehitaji asilimia 60. Kila chama kilijua tangu mwanzo kwamba kugoma kuna gharama. Katiba ilipitishwa tarehe 8 Mei 1996, ndani ya muda. Tofauti na hapo, bunge la katiba la Nepal lililochaguliwa mwaka 2008, lenye wajumbe 601, liliongezewa muda tena na tena hadi likavunjwa Mei 2012 bila katiba. Ikabidi lichaguliwe jingine mwaka 2013, na katiba ikapatikana Septemba 2015.

Jambo jingine la kuamua mapema ni mambo yasiyojadiliwa tena. Waafrika Kusini waliandika misingi 34 ambayo katiba yoyote ya mwisho ilipaswa kuitii, wakaipa Mahakama ya Katiba kazi ya kuhakiki. Septemba 1996 mahakama hiyo ilikataa kuithibitisha hati iliyopitishwa na wawakilishi waliochaguliwa, ikaeleza kasoro moja baada ya nyingine, ikairudisha ikarekebishwe. Toleo lililosahihishwa ndilo lililothibitishwa Desemba mwaka huohuo. Utaratibu huu unawafaa hasa walio wachache, maana unawapa kinga kabla ya kura kuhesabiwa.

Nani akae ukumbini

Wabunge waliopo madarakani ni rahisi kuwapata, lakini wana maslahi katika karibu kila ibara: muda wa ubunge, ukubwa wa majimbo, madaraka ya rais wa chama chao. Ndiyo maana nchi nyingi hutenganisha kazi. Kamati ya wataalamu huandika, chombo kikubwa chenye uwakilishi hujadili, wananchi huamua. Kenya ilifanya hivyo kuanzia 2008. Kamati ya Wataalamu ilianza kwa kutenga yale yaliyokwisha kukubalika na yale yenye ubishi: mfumo wa serikali, ugatuzi na masharti ya mpito. Nguvu zikaelekezwa kwenye ubishi tu. Rasimu ilipofika bungeni, yalipendekezwa marekebisho zaidi ya 100, na hakuna hata moja lililofikisha wingi uliotakiwa, hivyo ikapita tarehe 1 Aprili 2010 kama ilivyokuwa.

Tanzania ilionyesha upande wa pili. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Joseph Warioba ilipeleka rasimu yenye muundo wa serikali tatu. Bunge Maalum la Katiba la 2014, ambamo wabunge na wawakilishi waliokuwa madarakani walikuwa wengi, lilirudi kwenye serikali mbili. Wajumbe wa upinzani walitoka Aprili 2014. Theluthi mbili ya kila upande wa Muungano ilipatikana hata hivyo, lakini kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haikufanyika. Hesabu ilitimia ukumbini, mwafaka haukuwepo.

Chile inafundisha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Mkutano wa kuandika katiba wa 2021 ulikuwa na wajumbe 155, wanawake na wanaume kwa usawa, na viti 17 vya watu wa asili. Kila ibara ilihitaji theluthi mbili. Lakini mrengo wa kulia haukufikisha hata theluthi moja ya viti, kwa hiyo ibara ziliweza kupita bila kuuhitaji. Matokeo yake rasimu ya ibara 388 ilikataliwa na takriban asilimia 62 ya wapiga kura tarehe 4 Septemba 2022. Mwaka uliofuata mrengo wa kulia ndio ulioshika chombo cha pili, ukaandika inavyoupendeza, na wananchi wakakataa tena Desemba 2023. Kwa hiyo, pamoja na kuhesabu kura, jiulizeni kila wiki: kundi ambalo kukosekana kwake kunaweza kuangusha rasimu nje ya ukumbi, tunazungumza nalo?

Kukusanya maoni ili yafanyiwe kazi

Mikutano ya hadhara isiyo na kumbukumbu ni maonyesho. Kila maoni yapewe namba, yapangwe kwa mada, yaandikwe yametoka wapi na kwa nani: mtu mmoja, kikundi, au saini nyingi za ombi moja. Afrika Kusini ilipokea maoni karibu milioni 2, na sehemu kubwa zilikuwa saini za maombi ya pamoja. Anayehesabu tu atadhani wananchi wote walizungumzia mambo machache.

Hatua inayojenga imani zaidi huwa fupi kuliko zote: taarifa inayoeleza ni mapendekezo gani yameingia kwenye rasimu, yapi yameachwa, na kwa nini. Rasimu yenyewe itoke katika lugha ambazo watu wanazisoma, na wapewe muda wa kuisoma. Siku 30 ni chache mno kwa hati ndefu, hasa kama nakala zenyewe huchukua wiki mbili kufika vijijini.

Kuzigeuza tunu kuwa ibara

Utu, usawa, uhuru, utawala wa sheria, uwazi, uwajibikaji, ushirikishwaji: orodha hii hufanana karibu kila mahali na haileti ugomvi. Kazi ngumu ni kuhakikisha kila tunu ina ibara inayoitekeleza. Chukua kila moja na uiulize maswali manne. Nani ana wajibu? Autimize lini? Asipoutimiza, nani anaruhusiwa kwenda mahakamani? Mahakama inaweza kuamuru nini? Tunu isiyo na majibu manne ibakie kwenye utangulizi, msiwadanganye watu kwamba ni haki.

Mfano ulio wazi umo ndani ya katiba moja. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Kwa mabunge ya kaunti, ibara ya 177 iliweka mtambo kamili: baada ya uchaguzi hesabu inapigwa, na viti maalum vinaongezwa hadi uwiano utimie. Kwa Bunge la Taifa, kanuni ni ileile lakini mtambo haukuandikwa. Iliachiwa sheria ambayo wabunge wenyewe wangeitunga. Kaunti zikatekeleza kuanzia uchaguzi wa 2013. Bunge likashindwa kuipitisha sheria hiyo mara kadhaa, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa. Tunu moja, hati moja, na tofauti yote imetoka kwenye aya chache za utaratibu.

Maneno madogo nayo yana uzito uleule. Ibara ya 166 ya katiba hiyohiyo inasema Rais atateua majaji kwa mujibu wa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama. Neno “atateua” ni la lazima, lakini siku hazikutajwa. Tume ilipendekeza majaji 41 mwaka 2019. Uteuzi ulikuja Juni 2021, wakateuliwa 34 na wengine 6 wakaachwa; mmoja alikuwa amefariki kabla ya hapo. Kila mnapoandika “atateua”, “atatia saini” au “ataitisha”, ongezeni “ndani ya siku kadhaa”, kisha semeni nini kitatokea siku hizo zikipita. Njia ya kawaida ni kuandika kwamba uteuzi utahesabiwa umefanyika.

Ibara za haki zinaharibiwa kwa kifungu kimoja kinachoonekana hakina madhara: “kwa mujibu wa sheria za nchi”. Andika “kila mtu ana uhuru wa kujieleza kwa mujibu wa sheria”, na umeshaipa sheria yoyote ya kawaida uwezo wa kuufuta uhuru huo. Dawa yake ni ibara moja ya jumla ya mipaka. Ile ya 36 ya Afrika Kusini inaruhusu haki kuwekewa mpaka kwa sheria inayomhusu kila mtu tu, tena mpaka uwe wa busara na unaoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Mahakama hutazama aina ya haki yenyewe, umuhimu wa lengo, ukubwa wa mpaka, uhusiano wa mpaka na lengo, na kama kulikuwa na njia isiyobana sana. Mzigo wa kujieleza unahamia kwa anayebana.

Madaraka na fedha

Kwa kila taasisi huru, kama tume ya uchaguzi, mkaguzi wa hesabu au mahakama, fuatilia mambo matatu: nani anamteua mkuu wake, nani anaweza kumwondoa na kwa sababu zipi, na bajeti yake inapitia mkononi mwa nani. Uhuru wa taasisi ukitangazwa kwenye ibara moja, kisha mkuu wake akaondolewa kwa barua ya mtu mmoja, tangazo hilo halina kazi.

Madaraka ya hali ya hatari yaandikwe kwa uangalifu kuliko yote. Ibara ya 48 ya katiba ya Weimar nchini Ujerumani ilimruhusu rais kusimamisha haki za msingi na kutawala kwa amri, na ikatumika kuidhoofisha jamhuri kabla na baada ya Hitler kuingia madarakani 1933. Wajerumani walipoandika Sheria ya Msingi mwaka 1949, waliweka ibara ya 79(3): utu wa mtu, demokrasia na muundo wa shirikisho havigusiki kwa marekebisho yoyote. Tangazo la hali ya hatari liwe na siku chache za kuisha lenyewe, liongezwe na bunge kwa kura kubwa zaidi kila mara, na bunge lisivunjwe wakati huo.

Kura ya maoni

Swali liwe moja, la ndiyo au hapana. Kizingiti kipime na uenevu wa kura. Kenya ilitaka zaidi ya nusu ya kura halali, pamoja na angalau asilimia 25 katika mikoa 5 kati ya 8, ili eneo moja lenye watu wengi lisiwaamulie wengine. Tarehe 4 Agosti 2010 karibu asilimia 67 walisema ndiyo. Miaka 5 kabla, rasimu nyingine ilikuwa imekataliwa, serikali yenyewe ikiwa imegawanyika katika kampeni. Kura ya maoni haiwezi kutibu ubishi ambao viongozi hawakuumaliza mezani, huupeleka mitaani.

Masharti ya mpito

Sehemu hii huandikwa mwisho, usiku, watu wamechoka. Ipewe waandishi wake tangu mwezi wa kwanza.

Tunisia ilipitisha katiba tarehe 26 Januari 2014 kwa kura 200 kati ya 216 zilizopigwa, mwafaka ambao nchi chache zimewahi kuufikia. Katiba hiyo iliagiza Mahakama ya Katiba yenye wajumbe 12 iundwe ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa bunge. Bunge lilitakiwa kuchagua 4 kwa kura 145 kila mmoja, na kwa miaka yote hiyo likafanikiwa kwa mmoja tu. Masharti ya mpito hayakusema lolote kuhusu muda huo ukipita. Tarehe 25 Julai 2021 Rais alitumia ibara ya 80 ya hali ya hatari kusimamisha bunge. Ibara hiyohiyo ilitoa nafasi, baada ya siku 30, ya kwenda kuuliza kama hatari bado ipo. Mahali pa kwenda kuuliza palikuwa hiyo mahakama ambayo haikuwahi kuundwa.

Kwa hiyo jedwali la mpito liwe na safu nne: sheria au taasisi inayotakiwa, tarehe ya mwisho, mhusika, na matokeo ya kuchelewa. Jedwali la Tano la Katiba ya Kenya liliweka muda wa kila sheria, kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5. Ibara ya 261 inaruhusu muda kuongezwa mara moja tu, usizidi mwaka 1, kwa theluthi mbili ya wabunge. Baada ya hapo mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu; mahakama inaagiza sheria itungwe, na isipotungwa Jaji Mkuu anamshauri Rais alivunje bunge. Walichobakiza waandishi ni siku za Rais kutekeleza ushauri huo. Anayeiga utaratibu huu aziandike.