Pulsar NS200: inavyosifiwa, inavyolalamikiwa, na namna ya kuitunza

Anayeshuka kwenye pikipiki ya Boxer na kupanda Bajaj Pulsar NS200 huisifu mwezi mzima. Silinda ni moja, cc 199.5, lakini nguvu za farasi ni 23.5 hadi 24.5 kutegemea toleo, na gia zipo sita. Kwenye barabara kuu unalipita lori refu ukiwa bado na pumzi ya akiba, na kwenye kona fremu yake ngumu haiyumbi. Malalamiko huja baadaye: inachemka, inakohoa, inakwaruza matuta, asubuhi inagoma kuwaka. Mengi ya hayo yana mzizi mmoja: imetunzwa kama Boxer. Boxer hupoozwa na upepo na ina kiki. NS200 hupoozwa na maji, ina plagi tatu, na kiki haina.

Unapokwenda kununua iliyotumika

Ilitoka India mwaka 2012 kwa jina la 200NS, ikasimama 2015, ikarudi 2017 ikiitwa NS200. Za mwanzo ni za kabureta. Za India kuanzia 2020 ni za injekta, yaani mafuta hunyunyizwa kwa umeme badala ya kabureta. Kabureta hutengenezeka kwa fundi wa mtaani. Injekta inataka fundi mwenye kifaa cha kusomea hitilafu. Amua hilo kabla ya kupenda rangi.

Nenda asubuhi na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini. Ikiwa ya moto, amekwisha kuipasha ili uwakaji mgumu usionekane. Rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, yaani kipoozeo cha maji ya injini, uangalie ndani. Kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) iliyo nzima ina rangi safi, iwe kijani, bluu au nyekundu. Ukikuta maji ya kahawia kama chai, mfumo umekula kutu. Kisha tazama oili. Ikiwa imekuwa kama maziwa, maji yameingia kwenye injini, mara nyingi kupitia sili ya pampu ya maji au gasketi ya silinda hedi. Hapo usijadili bei, ondoka.

Sasa washa na uiache ingurume yenyewe bila kuipa mafuta mpaka feni ya rejeta ianze yenyewe. Wengi hawana subira ya dakika hizo, na ndizo zenye majibu. Taa ya joto ikiwaka huku feni ikiwa kimya, kuna kazi ya umeme hapo. Wakati unasubiri, inama uangalie eksozi, maana imepita chini ya injini: mikwaruzo ni kawaida, lakini bomba lililobonyea hubana moshi na kuua nguvu. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele pia. Kikitoka na oili, sili zimekufa.

Joto

Rejeta iko nyuma ya tairi la mbele, kwa hiyo kila tope linalorushwa linaishia kwenye mapezi yake. Msimu wa mvua ioshe kila wiki kwa maji ya mpira wa kawaida. Mashine ya presha ya kuoshea magari hulaza mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo.

Usijaze maji ya bomba. Chumvi yake huganda ndani ya njia nyembamba, na kulanti ndiyo inayozuia kutu. Kulanti nzito ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Iliyokwisha kuchanganywa kiwandani imiminwe kama ilivyo. Ukinunua maji ya betri kwa kazi hii, soma kibandiko vizuri, kwa sababu dukani asidi nayo hukaa kwenye chupa zinazofanana nayo. Kiwango kwenye tangi dogo la akiba kiwe kati ya alama mbili, injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta kamwe kisifunguliwe injini ikiwa moto: maji hayo yana presha, yatakurukia usoni.

Ikichemka barabarani, simama kivulini na uzime. Angalia fyuzi ya feni, halafu soketi ya waya za feni. Hizo mbili humaliza kesi nyingi.

Plagi tatu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Plagi moja ikifa, pikipiki inaendelea kutembea kwa zilizobaki. Utaona nguvu imepungua, mafuta yanaliwa, na eksozi inapiga vishindo ukiachia mafuta, basi fundi anaanza kuhangaika na kabureta isiyo na kosa. Zote tatu hazifikiki kirahisi, na fundi mwenye haraka hubadilisha zilizo karibu na mkono wake. Simama naye mpaka uone plagi tatu za zamani zimewekwa mezani.

Zitolewe injini ikiwa baridi, kwa sababu silinda hedi ni ya alumini na nyuzi zake zikiwa moto huchunika. Kabla ya kufungua, puliza uchafu kwenye mashimo. Ncha ya rangi ya biskuti ni afya. Masizi meusi makavu: mafuta mengi au filta ya hewa imejaa. Nyeusi ya kung'aa yenye oili: ringi au sili za valvu. Nyeupe kama chokaa: hewa inazidi au joto limezidi. Nafasi ya ncha iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Kurudisha, ianze kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana imalizie kidogo.

Oili na klachi

Klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Nunua yenye alama ya JASO MA au MA2, ambayo ni alama ya oili za pikipiki zenye klachi ya aina hii, kwa uzito ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukimwaga ya zamani, mimina lita moja kwanza, washa dakika moja, zima, isimamishe wima, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka kipimo kitimie.

Kuna wanaosema inarukaruka na cheni inagonga kwenye mizunguko midogo. Wanasema kweli, lakini injini hii nguvu zake ziko juu: msukumo wake mkubwa uko kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika. Kupanda mlima gia ya tano kwa 3,000 ni kuitesa. Shusha gia. Anayetaka kubebea magunia achague pikipiki nyingine.

Matuta na madimbwi

Chini kuna kama sentimita 17 tu, na ukipakia abiria zinapungua. Kaza springi ya shokapu ya nyuma kabla ya kupakia, na upepo wa tairi la nyuma uongezwe kutoka psi 28 hadi 32. Mbele ubaki 25. Kwenye tuta kubwa pita polepole bila kushika breki ya mbele juu yake, maana breki hiyo huinamisha pua na eksozi inakaa kwenye lami. Abiria naye ana haki ya kulalamika: siti yake ni ndogo na iko juu. Safari ndefu msimame kila saa.

Ukikatiza maji, usiachie mafuta katikati, kwani moshi ndio unaozuia maji kurudi bombani. Ikizimika humo, isukume nje. Usibonyeze stata mpaka uhakikishe filta ya hewa ni kavu.

Cheni

Ina ringi za mpira zinazohifadhi grisi ndani. Petroli huziharibu, safisha kwa mafuta ya taa na brashi laini, kausha, paka oili ya gia namba 90, kisha futa inayozidi. Mlegeo wa chini katikati uwe kama ulivyoandikwa kwenye kitabu chake, upimwe sehemu iliyokaza zaidi. Ikichakaa, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja.

Betri

Kwa kuwa hakuna kiki, betri ndiyo roho yake. Ikipumzika usiku mzima isome volti 12.5 au zaidi. Injini ikizunguka 4,000 ipande hadi karibu 14. Isipopanda, chaji haifiki, na betri mpya nayo itakufa. Taa za nyongeza na alamu zilizounganishwa ovyo ndizo za kwanza kushukiwa.

Ikikulaza njiani, zima taa kubwa, weka switchi, ingiza gia ya pili, shika klachi, sukuma kwa mbio, kaa kwa uzito kwenye siti na uachie klachi ghafla. Ikishika tu, vuta klachi tena na uongeze mafuta kidogo. Ya injekta yenye betri iliyokauka kabisa haitakubali, kwa kuwa pampu ya mafuta nayo inataka umeme.