Gari la dizeli linapotoa moshi na harufu kali: uanzie wapi kulikagua

Gari la dizeli linapoanza kutoa moshi mzito wenye harufu inayochoma macho, wengi hukimbilia kubadilisha nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini, kazi ya gharama kubwa ambayo mara nyingi haikuhitajika. Tazama kwanza rangi ya moshi. Mweusi ni masizi ya mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha. Wa bluu ni oili inayoungua, na hapo hushukiwa ringi za pistoni au sili za turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi ni wa kawaida kwa muda mfupi asubuhi za baridi za Juni na Julai, lakini ukiendelea hata injini ikishapata moto, mwite fundi.

Hapa Tabora moshi mweusi huanzia zaidi kwenye chujio la hewa, kwa sababu ya vumbi la kiangazi. Lichomoe ulimulike kwa tochi kutoka ndani: mwanga usipopenya, nunua jipya. Ukilipuliza kwa kompresa, puliza taratibu kutoka ndani kwenda nje, kwani upepo mkali hutoboa karatasi yake, na tundu dogo tu hupitisha vumbi linalosaga silinda.

Harufu ikiingia ndani ya gari, usiahirishe. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliutangaza moshi wa dizeli kuwa chanzo cha saratani mwaka 2012, na watoto wanaoketi nyuma ndio wanaouvuta zaidi. Kagua mipira ya mlango wa nyuma, kisha, injini ikiwa baridi, tafuta alama nyeusi za masizi kwenye maungio ya bomba la moshi, hasa pale linapotokea kwenye injini. Penye alama ndipo panapovuja. Fanya ukaguzi huu uwanjani, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa.

Magari ya miaka ya karibuni yana chujio la masizi linalojisafisha kwa kuyachoma kwenye joto la nyuzi 600 hivi, joto ambalo safari fupi za sokoni haziwezi kulifikia. Taa yake ikiwaka, endesha bila kusimamasimama kwenye lami, kama barabara ya Nzega, kwa takriban dakika 20. Fundi akishauri likatwe, kataa, maana masizi yote liliyokuwa likiyanasa yatatoka nje, na harufu itazidi.